"Mzazi wa 34, simama!"

Wakuu, nimetoka kikao cha wazazi sasa hivi, vidole bado vinatetemeka. Matokeo ya moko, ule mtihani wa majaribio, kidato cha nne. Mkuu wa shule mnamjua, yule ambaye hata salamu anaitoa kwa kipaza sauti mpaka konda wa stendi anaitikia.

Kafika kwa binti yangu: "Pointi 34. Mzazi wa 34, simama!"

Nikasimama. Kitenge kipya, mkoba kwapani, kama mshitakiwa anayesomewa hukumu. Wazazi wenzangu wanacheka. Simama!

Mtoto ana D ya Kiswahili, zilizobaki F sita. D ni pointi nne, F ni tano, na pointi zikiwa nyingi ndiyo vibaya. Nne jumlisha thelathini, ndiyo hiyo 34, divisheni ziro, yaani kafeli. Angepata D moja zaidi ingekuwa 33, divisheni foo, kafaulu, nami ningekaa kwenye kiti changu. Pointi moja!

Nimefungua karatasi yake ya Kemia. 17, imezungushiwa wino mwekundu, basi. Hakuna vema, hakuna kosa, hakuna neno hata moja pembeni. Novemba ndiyo mtihani wa taifa, sasa ajue arekebishe wapi? Wamekaa naye miaka minne, wakampima saa tatu, halafu anayesimamishwa ni MIMI. Nina miaka 46, naambiwa simama!

Mchumia Juani: Pole dada. Ila 34 ni 34. Alikuambia ukae, au bado umesimama?

Binti Kisarawe: Mama Thelathininanne hahahaaa

Kobe wa Bweni: Afadhali yako. Mimi chuo, kosiweki, zile kazi za muhula, 31 kwa 40. UE, mtihani wa mwisho wa muhula, nikapata 20 kwa 60. Jumla 51, na wamenipa sapu, nirudie mtihani, eti UE peke yake sijafikisha.

Mchumia Juani: 51 na sapu? Muhula mzima wa kazi umefutwa na asubuhi moja?

Kobe wa Bweni: Ndiyo hivyo mkuu. Siku ile nilikuwa na malaria, nikaandika hivyo hivyo.

Mleta mada: Jamani, mimi nimesimamishwa mbele ya watu!

Binti Kisarawe: Mama 34 kaa basi. Kobe, ulipeleka cheti cha hospitali kabla ya mtihani?

Kobe wa Bweni: Nilipeleka baada. Wakakataa.

Dereva Mstaafu: Kwetu sapu ni Septemba na hosteli wanafunga. Mwaka jana tulilala sita chumba kimoja mtaani. Kobe, chumba umepata?

Kobe wa Bweni: Bado. Mwenye nafasi karibu na chuo aje inbox.