Gemu za ramani wazi, zile za kuzurura utakako: tuko huru kweli au tunaburuzwa?

Mtoto wa Ngamiani: Wagosi, nisikilizeni. Red Dead Redemption 2 ya mwaka 2018: pori lako, mto wako, farasi wako. Ingia misheni sasa, upite njia tofauti na waliyokupangia. Umefeli, rudia! Zelda: Breath of the Wild ya 2017 ndiyo inayomheshimu mchezaji. Ukishatoka ule uwanda wa mwanzo, nenda moja kwa moja kwa adui wa mwisho ukitaka. Utachapwa, lakini umeamua mwenyewe.

Pedi Mbovu: Hiyo Zelda unayo wewe na nani? Sisi tumekulia gemu ya GTA: San Andreas, banda la gemu la barabara ya 12, jero nusu saa. Na tulikuwa huru kuliko nyie.

Mtoto wa Ngamiani: Huru wapi? Mwanzoni mji wa San Fierro umefungwa. Ukivuka unapewa nyota tano za kusakwa na polisi.

Bi Makorora: Nyota nne. Na nilivuka kwa kuogelea, polisi nyuma yangu, moyo unadunda. Wamekataza, lakini hawakuweka ukuta baharini. Mimi uhuru naujua hapo.

Mkongwe Chumbageni: Dada, ulivuka kwa kodi, vile vitufe vya siri vya kuchiti. Anayecheza kwa kodi hajacheza gemu.

Pedi Mbovu: Hapo umenigusa pabaya. Daftari langu la hesabu la darasa la sita ninalo bado, ukurasa wa nyuma: R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, mishale irudie. Afya, fulana ya risasi, dola 250,000. Jero yangu niimalizie misheni ya kufukuza treni, na mwenzangu Big Smoke hapigi mtu? Kadi ya memori ilikuwa moja banda zima. Unasevu leo, kesho hukuti kitu. Misheni zilikuwa za wenye mashine kwao.

Mkongwe Chumbageni: Usinifanye mtoto wa kishua. Jero yangu niliipata kwa kuuza machungwa stendi, banda hilohilo. Treni niliimaliza siku ya nne, bila kodi.

Bi Makorora: Angalau nyie mliingia bandani. Mimi nilicheza kwa mjomba, mchana, kabla hajarudi kutoka kazini.

Mtoto wa Ngamiani: Jamani, mada ni uhuru wa mchezaji.

Pedi Mbovu: Ndiyo hiyo. Nani alikuwa anafuta?

Mkongwe Chumbageni: Nafasi za kusevu zilikuwa nane, zote mmejaza kwa kuzurura. Nilifuta moja tu.

Pedi Mbovu: Ya ngapi?

Mkongwe Chumbageni: Ya tatu.

Pedi Mbovu: Yangu hiyo.