Uzio wa umeme unaweza kuzuia fuko na nungunungu kwenye bustani?

Mwenye Karoti: Habari zenu, wakuu. Nina robo eka ya karoti na viazi mviringo huku Arumeru, chini ya Mlima Meru. Asubuhi ninakuta karoti imesimama wima kama kawaida, lakini nikiishika yanatoka majani matupu, kwa kuwa mzizi wote umeliwa kutoka chini, na kando ya tuta kuna kifusi cha udongo mbichi. Upande wa korongoni viazi vimefukuliwa, shimo limepita chini ya wigo, na jana niliokota hapo mwiba mweusi na mweupe wenye urefu wa shibiri. Je, nikinunua uzio wa umeme wa sola utanisaidia, au nitakuwa nimetupa fedha?

Fundi Nyaya: Mkuu, una wezi wawili, na uzio huo unamfaa mmoja tu. Mwiba ni wa nungunungu, ambaye hutembea usiku juu ya ardhi na kuchimba akifika kwenye wigo. Fuko huishi na kula akiwa chini, kwa hiyo waya wa juu hataugusa kamwe. Kwa nungunungu, waya wa kwanza uwe kama sentimita 15 kutoka ardhini na wa pili kama 30, ili umpige puani anaponusa, maana miiba yake haipitishi umeme. Chuma cha ethi, yaani kile kinachounganisha mashine ya uzio na ardhi, kizame walau mita moja, nawe ukimwagilie maji wakati wa kiangazi, kwa sababu udongo mkavu hauurudishi umeme kwenye mashine na mnyama hashtuki. Majani yanayogusa waya yafyekwe, kwani hunyonya nguvu yote.

Mwenye Karoti: Ahsante sana. Jirani amenishauri nivute waya kutoka kwenye soketi ya nyumbani ili kupunguza gharama.

Fundi Nyaya: Usithubutu! Mashine ya uzio hutoa pigo fupi mno, takriban moja kila sekunde, na kati ya pigo na pigo aliyeguswa hupata nafasi ya kujinasua. Umeme wa nyumbani wa volti 230 humng'ang'ania aliyeushika, na huenda akawa mtoto aliyefuata mpira.

Mama Matuta: Kuhusu fuko, mwanangu, fukua njia yake mbichi na uiache wazi, kwani hapendi mwanga wala upepo na lazima arudi kuiziba. Hapo ndipo unapotega fito mbichi iliyopindwa, yenye kitanzi ndani ya njia. Tuta dogo la mboga za nyumbani unaweza kulitandikia chini wavu wa waya wa matundu madogo, ila kwa robo eka nzima hailipi.

Mwenye Karoti: Basi uzio nitaanza nao upande wa korongoni pekee. Kitanzi kiwe cha kamba ya katani, mama?

Mama Matuta: Hapana, katani ataikata kwa meno. Tumia waya mwembamba wa breki ya baiskeli.