Ukoo Mmoja (Siasa Marufuku)

[19:02] Shangazi: Nauliza mara ya tatu. Nani ana video ya mkutano wa jana wa Mheshimiwa, nzima, si vipande? Jumapili tukae tuitazame, haya mabishano ya alizomewa-hakuzomewa yaishe. Tuko 23 humu na nawaona mnasoma.

[19:05] Dada: Alizomewa. Na TV wakashusha sauti makusudi. Wanampendelea.

[19:06] Baba Mdogo: TV ipi? Hiyo iliyorudia vijana watatu wanaozomea mara kumi? Inamchukia mchana kweupe.

[19:06] Shangazi: Mlitazama kituo kimoja?

[19:07] Baba Mdogo: Kituo kimoja, kochi moja.

[19:11] Binamu: 😂 Haya hayakuanza jana. 1951 Jenerali MacArthur wa Marekani alipita Chicago baada ya Rais Truman kumfukuza kazi. Watafiti wawili, mtu na mkewe, Kurt na Gladys Lang, walitawanya watu 31 mitaani, wengine wakafuatilia kwenye TV. Kwenye TV umati umepagawa mwanzo mwisho. Wa mitaani? Walisubiri weee, wakamwona akipita mara moja, basi. Watu walipunga mikono kamera ikiwageukia.

[19:12] Mama Wawili: Kama wewe siku ya mahafali 😂😂

[19:14] Mjomba: Au kama ile video ya harusi.

[19:14] Shangazi: Shemeji, tusianze.

[19:15] Mjomba: Naanza. Mpaka leo mnasema nilichekwa. Ukumbini walicheka NA MIMI. Aliyeikata yumo humu.

[19:15] Binamu: Betri iliisha, Mjomba.

[19:17] Binamu: Hata Howard Dean yalimkuta, akiwania urais Marekani, jimbo la Iowa 2004. Alipiga ukelele, ukumbi wenyewe una kelele, waliokuwepo hawakuona ajabu. Maikrofoni ikanasa sauti yake, ya umati ikapotea. TV wakairudia rudia, akaonekana kichaa.

[19:18] Mjomba: Mimi ndiye kichaa?

[19:40] Babu: Mimi nilikuwa pale, mstari wa mbele. Sikuzomea. Makofi nilipiga ili amalize, jua lilikuwa kali. Wengi tulikaa kimya tu. Hakuna aliyeniuliza.

[20:26] Shangazi: Shikamoo Baba. Utuwie radhi. Basi Jumapili saa kumi utueleze mwenyewe?

[20:31] Mama Wawili: Saa kumi mimi sipo.

[20:44] Dada: 📹 0:09
Ndiyo niliyonayo.

[20:45] Shangazi: Nimesema nzima.

[23:51] Kaka: Jumapili hii au ijayo?