Naomba ushauri: kurudi karate nikiwa na miaka 47

Assalam aleykum ndugu zangu. Nilicheza Shotokan, mtindo mmoja wa karate, hadi mkanda wa kahawia, ule wa kabla ya mweusi, nikaacha 2003. Sasa nina miaka 47, naishi Kisauni, na goti la kulia hulia kama bawaba kavu nikipanda ngazi. Wiki jana nilijaribu dojo (ukumbi wa mazoezi) moja mjini: vijana watupu, na mwalimu akatuingiza kwenye kumite, yaani kupigana wawili wawili, hata mwili haujapata moto. Nikarudi kwa matatu nikichechemea, mke wangu akacheka hadi akakaa chini. Judo nayo naiogopa, kule kuangushwa sikuwezi tena.

Je, nianze upya na mkanda mweupe au nivae wangu? Na mwalimu anayejua kufundisha watu wazima nitamtambuaje kabla sijalipa ada ya mwezi?