Sauti ya ulimi kati ya meno katika Kikagayanen: je, ni "dh" yetu?

Mwalimu_Kirumba

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninafundisha Kiswahili kidato cha pili hapa Mwanza, na kila mwaka kipindi cha matamshi hukwama mahali palepale: "dhambi" inakuwa "zambi", na "thamani" inakuwa "samani", mpaka mwanafunzi anayetaja thamani ya nyumba anaonekana kuzungumzia viti na meza. Nilipokuwa natafuta lugha nyingine ambazo wazungumzaji wake hutoa ulimi kati ya meno, nilikutana na Kikagayanen cha Ufilipino, ambacho sauti yake ya namna hiyo, kwa jinsi nilivyosoma, si "dh", na tena huandikwa kwa herufi "l". Naomba mwenye ujuzi anieleze tofauti iko wapi, na wenye lugha hiyo ni akina nani.

Isimu_CapriPoint

Mwalimu, nianze na hilo la mwisho kwa kuwa ni fupi. Kikagayanen kina wazungumzaji wapatao 30,000, na kitovu chake ni Cagayancillo, manispaa ya visiwa vidogo katika Bahari ya Sulu, mkoa wa Palawan, ingawa wengi wamehamia pwani za Palawan kwenyewe na kwingineko.

Sasa sauti. "Dh" yetu ni kikwamizi: ulimi unabana njia ya hewa kiasi cha kuifanya ivume. Tamka "dhahabu" na uishike ile "dh" ya mwanzo kwa sekunde tatu, utausikia uvumi huo na kuuhisi kwenye ncha ya ulimi. Kisha, ulimi ukiwa umechomoza vilevile, ulegeze kidogo kidogo hadi uvumi ufe huku sauti ya koo ikiendelea. Kinachobaki kinakaribia sana sauti ya Kikagayanen, ambayo kwa tabia ni ndugu wa "w" na "y" kuliko "z". Neno lao la roho huandikwa "kalag", lakini katikati yake ulimi haugusi ufizi na kupitisha hewa pembeni kama "l" ya "kalamu". Hutokeza kati ya meno, na aliye mbele yako anauona. Sauti hii ni adimu duniani, japo imeelezwa pia katika lugha nyingine chache za Ufilipino, kama Kikalagan.

Kuhusu irabu, wao wana nne tu: a, i, u na ile hafifu ya katikati ya kinywa iitwayo shwa. Msukuma mwenye irabu zake saba atawaonea huruma.

Mkerewe_Nansio

Shikamoo, mwalimu. Mimi si mwanaisimu, ila jambo la hicho kisiwa limenigusa. Nimesoma kwamba Kikagayanen ni cha kundi la Kimanobo, ambalo lugha zake karibu zote ziko Mindanao, mbali kusini-mashariki, ilhali majirani wake wanazungumza lugha za kundi jingine. Sisi wa Ukerewe tunalielewa hilo: Kikerewe ni ndugu wa Kizinza na Kihaya cha ng'ambo ya magharibi ya ziwa, si cha Kisukuma tunachokisikia kila tukivuka kwenda Mwanza.

Isimu_CapriPoint

Mfano mzuri, kaka. Na kuhusu herufi, mwalimu, kuna sababu: sauti hiyo ilitokana na "l" ya zamani, na lugha za jirani bado husema "kalag" kwa "l" ya kawaida. "L" ni sauti inayolegea hata kwetu. Msukuma anasema "nzala" pale ambapo Kiswahili kimeiacha "l" ikapotea kabisa, tukabaki na "njaa". Wao waliilegeza ikasogea menoni.

Mwalimu_Kirumba

Marahaba, Mkerewe, na ahsanteni wote. Nimeijaribu mbele ya kioo na mke wangu akauliza kama nimeng'atwa ulimi. Uvumi unakufa kweli. Jumatatu nitawapeleka wanafunzi kinyume, kutoka sauti iliyolegea hadi kwenye "dh" iliyobana, huku kila mmoja akimtazama jirani yake mdomoni.