Hivi ni nani hasa aliyemwonyesha Vasco da Gama njia ya Hindi?

Mtafuta Kale
Wakuu, heshima mbele. Tangu sekondari najua kwamba Vasco da Gama alipofika Malindi Aprili 1498, mfalme wa pale alimpa rubani wa kumvusha hadi Calicut, bandari ya Hindi, na rubani mwenyewe ni Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari aliyeandika vitabu vya unahodha. Juzi kuna mzee mmoja kanikatalia kabisa, anasema Ibn Majid kasingiziwa. Sasa alikuwa nani? Wenye maarifa karibuni. Tafadhali tusitoke nje ya mada.

Kisauni Asilia
Rubani ni nani si hoja. Hoja ni nani alimtoa. Mombasa tulimfungia mlango yule haramia. Akasogea hapo jirani tu, akatandikiwa busati, akapigiwa ngoma, na dereva juu. Watu wa Malindi na mgeni wa meli, ugonjwa wa miaka 500 huo.

Ubao wa Jahazi
Ni Ibn Majid, hakuna ubishi. Nahrawali, mwanachuoni wa Makka, kaandika kwamba mkuu wa Wafaranji, yaani Wareno, alifanya naye urafiki, wakanywa pamoja, na alipolewa akamtolea siri: msiambae na pwani, shikeni bahari kuu. Da Gama akafika Hindi 1492.

Dodoma Kavu
1492 ni Columbus mkuu. Huyo alitaka Hindi akaishia Amerika, kwa sababu njiani hakukutana na mtu wa Malindi.

Bint Shela
Kisauni, busati lipi? Mlango mliofunga ni upi? Meli zilitia nanga kwenu tarehe 7 Aprili, na mfalme wenu alimpelekea kondoo na machungwa kwanza. Mlipoona hamumwezi mchana, mkatuma waogeleaji usiku wakakate kamba ya nanga ya ile meli ndogo, Bérrio. Mreno aliyeandika shajara ya safari anasema walinzi waliposikia maji yanachezacheza walidhani ni jodari! Huo ndio ushujaa wa Mombasa. Mlidhaniwa samaki.

Kisauni Asilia
Cheka tu. Jodari huyo alikuwa anapigania nchi yake. Na useme yote basi: usiku ule ule da Gama alikuwa amewashika Waislamu wawili aliokuja nao, akawadondoshea mafuta ya moto kwenye ngozi ili waseme. Siku saba baadaye ninyi mnamkaribisha kwa sherehe. Aibu mwaiona au hamuioni?

Bint Shela
Yalijulikana Malindi mambo ya mafuta? Kulikuwa na simu?

Mskati wa Unguja
Assalaam aleikum. Naomba turudi kwa huyo aliyeleta habari ya ulevi. Ndugu Ubao wa Jahazi, umchunge Mungu. Nahrawali ameandika zaidi ya miaka 70 baada ya tukio, tena katika historia ya Waturuki kuiteka Yemen, hakuwa na habari na bahari yetu. Mwaka 1498 Ibn Majid alikuwa mtu mzima aliyepita miaka 60. Mtu aliyetumia umri wake kupima nyota, akatunga kasida za kufundisha njia za bahari, na ndani yake anausia nahodha awe msafi na mwenye kumcha Mungu, leo tuambiwe aliuza Bahari ya Hindi kwa gilasi ya mvinyo? Sisi Oman jina hili tunaliheshimu.

Ubao wa Jahazi
Sikumtukana mtu, nimenukuu. Na kuna shairi lake la njia ya Sofala, hati yake ilikuwa Leningrad na ikachapishwa 1957. Humo anawataja Wafaranji na kufika kwao Calicut. Kajuaje?

Mskati wa Unguja
Kajuaje? Kila bandari ilijua, ilikuwa ndiyo habari ya mjini. Tena wapo wataalamu wanaosema beti hizo zimepachikwa baadaye. Nionyeshe ubeti mmoja anaosema "mimi ndiye niliyewapeleka". Mmoja tu.

Kijana wa Deira
Samahani, hapo kwenye "sisi Oman". Ibn Majid ni mtu wa Julfar. Julfar ni Ras al-Khaimah. Ras al-Khaimah ni Emirati. Nawaachia hapo.

Mskati wa Unguja
Wakati huo kulikuwa na Emirati? Kijana, mpaka umechorwa jana unaniletea.

Kijana wa Deira
Na Oman mnayoisema ilikuwa na mpaka gani wakati huo?

(Kurasa mbili zinazofuata ni Oman na Emirati. Nimeziruka na mimi. — Dodoma Kavu)

Mtafuta Kale
Jamani, rubani. Nimesoma kidogo. Shajara ya safari yenyewe, ile inayohusishwa na Álvaro Velho, inasema mfalme alileta rubani "Mkristo". Ila Wareno wale waliwadhania Wahindu ni Wakristo, hata hekalu la Calicut waliingia wakidhani ni kanisa. Barros, mwanahistoria Mreno aliyeandika miongo kadhaa baadaye, anasema ni Mwislamu wa Gujarat anayeitwa "Malemo Cana", na alipoonyeshwa astrolabu ya mbao ya da Gama, chombo cha kupimia nyota, hakushtuka hata kidogo, akasema kwao marubani wa Bahari ya Shamu wana zao za shaba. Castanheda, Mreno mwenzake, naye anamwita "Canaqua". Hakuna hata mmoja anayemtaja Ibn Majid.

Mwana wa Maalim
Malemo ni maalim! Kwenye chombo nahodha ndiye mwenye amri, maalim ndiye mwenye elimu ya njia na nyota. Na Canaqua ni kanaka, neno la Kihindi la mtu wa nyota. Kwa hiyo hilo si jina, ni cheo kilichotajwa mara mbili, kwa Kiarabu na kwa Kihindi. Ni kama leo mtu aandike kwamba nilipelekwa Tanga na bwana mmoja aitwaye Dereva Suka.

Dodoma Kavu
Tanzania Mwalimu ni mmoja tu. Naomba ufafanuzi.

Mzee Mtangata
Mmeitaja Tanga nimeamka. Mnagombania rubani, meli yenyewe tunayo sisi. São Rafael ilipanda fungu hapa Mtangata wakati wa kwenda, mafungu yakapewa jina lake. Wakati wa kurudi, Januari 1499, mabaharia walikuwa wamepukutika kwa kiseyeye, hawatoshi kuendesha meli tatu, wakaichoma hapa hapa. Nani kasoma hilo shuleni? Vitabu vyote Malindi, Malindi, Mombasa, Mombasa.

Kisauni Asilia
Mzee, meli iliyochomwa ni majivu. Mnataka kiingilio cha majivu?

Karani wa Bandari
Nimesoma kurasa zote, niongeze mambo mawili.

Kwanza, upepo. Walitoka Malindi tarehe 24 Aprili, kusi ikianza, wakatia nanga karibu na Calicut tarehe 20 Mei. Wakati wa kurudi hawakungoja kaskazi. Waliondoka Hindi mwanzoni mwa Oktoba, wakaiona pwani ya Mogadishu tarehe 2 Januari. Karibu miezi mitatu, na watu 30 wamekufa njiani. Kwa hiyo siri aliyokuwa nayo rubani haikuwa siri. Ni kalenda ambayo kila mchuuzi wa Gujarat aliijua, na vyombo vya Wahindi vilikuwa vimetia nanga Malindi wakati ule ule.

Pili, na hili ndilo kubwa. Shajara inasema mfalme aliahidi marubani, siku zikapita, hawaji. Tarehe 22 Aprili alipopanda melini mtu wa karibu wa mfalme, da Gama akamzuia asishuke, akatuma ujumbe: nileteeni rubani. Rubani akaletwa, yule bwana akaachiwa. Sasa hiyo ni zawadi au ni fidia ya mateka? Marubani aliowachukua Msumbiji walikuwa wamejitosa baharini Mombasa. Hakuwa na namna nyingine. Watu wa Malindi wanalaumiwa kwa kutoa kitu ambacho walikuwa wamekichelewesha mpaka mtu wao akashikwa. Hata huyo mchuuzi wa Gujarat, kama ndiye, hakuna anayeuliza kama yeye alitaka kwenda.

Kisauni Asilia
"Wachuuzi"? Angalia maneno yako. Wale walikuwa wafanyabiashara wa kimataifa, pwani yote.

Karani wa Bandari
Nimesema wa Gujarat.

Kisauni Asilia
Ndiyo mwanzo wa dharau.

Bint Shela
Ahsante Karani. Kisauni kasoma aya mbili ndefu kaona neno moja. Na usisahau Malindi ilikuwa na adui mlangoni, na adui mwenyewe ni Mombasa. Mfalme alitafuta rafiki mwenye mizinga. Kabla ya hapo, 1415, Malindi ilimpelekea twiga mfalme wa China. Sisi diplomasia tumeanza zamani.

Kisauni Asilia
Na rafiki mwenye mizinga aliwafaa nini? 1505 Mreno mwingine, Almeida, kaichoma Mombasa, kaipora na Kilwa. Wareno walipojenga Ngome 1593 waliijenga kwetu, na watawala wenu wakahamia huku huku. Mji wenu ukabaki na ule mnara wa da Gama wenye msalaba pale ufukweni. Ubomolewe!

Bint Shela
Msalaba tu ndio jiwe lililotoka Lisbon, hiyo nguzo imejengwa baadaye. Tukibomoa, nanyi mtabomoa Fort Jesus?

Kisauni Asilia
Ngome ni tofauti. Ile tuliiteka.

Mzee Mtangata
Tuliiteka akina nani? 1698, baada ya kuizingira karibu miaka mitatu, ni Waomani.

Mskati wa Unguja
Shukran kwa kukumbuka.

Kijana wa Deira
Waomani wa mpaka upi?

Mtafuta Kale
Karani, hiyo ya mateka inapatikana wapi kwa Kiswahili? Nataka nimpelekee yule mzee.

Pweza wa Nungwi
Sijasoma zote, ni ndefu. Jibu ni rahisi: alikuwa Ibn Majid, walimlewesha.

Mskati wa Unguja
Astaghfirullah. Wewe nawe, njoo hapa.