Seva haioni diski wakati wa kuinstoli, draiva ya kontrola ya RAID naipata wapi?

Mkorosho85 (Mtwara)

Wakuu habari za jioni. Niko Mtwara mjini, natunza kompyuta kwenye ofisi inayoshughulika na maghala ya korosho. Tumenunua seva yuzdi kutoka Dar, ni Dell PowerEdge R710, imekuja kwa basi ikiwa imefungwa vizuri na inawaka bila shida. Lengo ni kuhamishia kumbukumbu zote za stakabadhi ghalani kabla minada haijaanza Oktoba, mana kompyuta ya mezani inayobeba data zote sasa hivi hadidiski yake imeanza kulia na kwa kweli silali kwa amani, humo mna kilo na hela za wakulima.

Sasa tatizo. Nimeweka Rocky Linux 8 (mfumo endeshi wa bure) kwenye flashi, inabuti vizuri kabisa, nikifika pale pa kuchagua diski ya kuinstolia naiona flashi peke yake, diski za seva hakuna hata moja. Diski ziko nne na taa zake zinawaka kijani, zinapita kwenye kontrola ya RAID, yaani kadi inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Nimetafuta mtandaoni draiva (programu inayoufanya mfumo uitambue kadi) za R710 zimekuja tovuti kibao, nyingine zinataka kwanza uweke programu yao alafu ndo ikutafutie, nyingine nimeshusha nakuta faili la .exe ambalo kwenye Linux sijui nalifanyia nini, bando linaisha na sioni mbele. Aliyetuuzia anasema seva ni nzima, tutafute draiva tu. Naomba mwenye uzoefu anishike mkono.

FundiLigula

Mkuu pole, ila hizo tovuti za "weka programu yetu ikutafutie draiva" achana nazo kabisa tena leo hii, na kama kuna ulichoweka kwenye kompyuta ya ofisi kitoe. Draiva ya kontrola inakaa ndani kabisa ya mfumo na inagusa kila kitu kinachoandikwa kwenye diski, sio kitu cha kuokota popote.

Pili, jina R710 peke yake halitoshi kutafutia draiva. R710 zilitoka na kadi tofauti za RAID za Dell, unaweza kukuta PERC 6/i, unaweza kukuta H700, nje zinafanana kila kitu. Na tofauti yake sio ndogo, PERC 6/i diski ikizidi TB 2 haiioni yote, H700 haina shida hiyo. Kwahiyo wewe usitafute kwa jina la seva, tafuta kwa namba ya kadi yenyewe. Ukiwa kwenye ile skrini ya kuinstoli bonyeza Ctrl+Alt+F1, alafu Ctrl+b ukiachia bonyeza 2, utapata sehemu ya kuandika amri. Andika:

lspci -nnk

Tafuta mstari wenye neno RAID. Mwishoni kwenye mabano ya mraba kuna namba mbili zimetenganishwa na nukta mbili, hizo ndo kitambulisho cha kadi. Ya kwanza ikiwa 1000 maana yake chipu ni ya LSI, hata kama juu ya kadi imeandikwa Dell, na Dell utamkuta mstari wa chini yake kwa namba 1028. Hii inawachanganya wengi kwasababu LSI ilinunuliwa na Avago mwaka 2014, Avago nao 2016 wakainunua Broadcom na kuchukua jina lake, kwahiyo kadi moja unaikuta kwa majina manne. Namba haibadiliki.

Angalia pia kama chini yake kuna mstari wa "Kernel driver in use". Kama haupo, draiva haijaishika kadi.

Na kabla hujahangaika na draiva yoyote, wakati seva inawaka bonyeza Ctrl+R uingie kwenye menyu ya kadi uangalie kama kuna Virtual Disk (diski moja ya pamoja ambayo kadi inaiunda kutoka diski zako) imetengenezwa. Hizi kadi hazimwonyeshi mtu diski mojamoja, kama hakuna Virtual Disk utaweka draiva mpaka uchoke na huoni kitu. Ukikuta imeandikwa Foreign ujue diski zimetoka seva nyingine. Zako hazina data ya mtu basi futa uanze upya, ila kwa wengine wanaosoma hapa, kama diski zina data USIBONYEZE Clear, kuna Import, tumia hiyo.

Mkorosho85 (Mtwara)

Asante sana kiongozi. Nimefanya ulivyosema. Ctrl+R nimeikuta Virtual Disk moja, RAID 5, diski zote nne ziko Online. Na lspci imetoa hivi:

RAID bus controller [0104]: LSI Logic / Symbios Logic MegaRAID SAS 2108 [Liberator] [1000:0079] (rev 05)

Mstari wa draiva haupo. Chini imeandikwa PERC H700.

BintiLindi_IT

Hapo umeshalipata jibu kaka. 1000:0079 ni moja ya namba ambazo Red Hat walizitoa kwenye draiva ya megaraid_sas walipotoa RHEL 8 (mfumo wao wa Linux), na Rocky anafuata hatua kwa hatua alichofanya Red Hat. Draiva yenyewe imo kwenye flashi yako, ila orodha ya kadi inazozikubali imepunguzwa, ikifika kwenye kadi yako inaipita kama haipo. Kadi ni nzima na diski ni nzima. PERC 6/i nayo (1000:0060) ilitolewa siku hiyohiyo, pamoja na H310 (1000:0073). Mimi hili linaniuma sana mana huku kwetu ndo seva tunazozimudu, mtu anaambiwa mashine mbovu kumbe kuna mstari mmoja umefutwa huko juu.

Njia ziko tatu.

Ukitaka kubaki na Rocky 8, nenda tovuti ya ELRepo, hawa ndo wanatengeneza draiva za vifaa vilivyoondolewa na wanaaminika. Tafuta faili linaloanza na dd-megaraid_sas la el8, na lazima lilingane na toleo lako hadi nukta, yaani kama flashi yako ni 8.10 chukua la 8.10, ukichukua la 8.6 halitakubali. Faili ni dogo halili bando. Liandike kwenye flashi ya PILI kwa Rufus au dd (programu za kuandikia flashi), usilikopi tu kama unavyokopi nyimbo. Chomeka flashi zote mbili, washa, kwenye menyu ya kwanza kabisa bonyeza Tab (kama umebuti kwa UEFI, ile njia mpya ya kuwasha kompyuta, bonyeza e), mwisho wa ule mstari mrefu ruka nafasi uandike inst.dd alafu endelea. Itakuletea orodha ya vifaa, chagua namba ya flashi ya pili, weka alama kwenye draiva, bonyeza c. Diski zitatokea.

Ukishamaliza kuinstoli ongeza hazina ya ELRepo kwenye mfumo, ili siku keneli (kiini cha mfumo) inasasishwa draiva nayo isasishwe. Usipofanya hivyo ipo siku utawasha seva na haitaona diski yake yenyewe. Ikitokea usipaniki, kwenye menyu ya GRUB (ile inayotokea seva inapowaka) chagua keneli ya zamani itawaka.

Njia ya pili ni AlmaLinux, wao kuanzia 9.4 ya mwaka 2024 walizirudisha kadi nyingi za zamani zilizokuwa zimefungwa na yako imo, kwahiyo huhitaji flashi ya pili. Ila 10 ya Red Hat na Rocky usiiguse kwa R710, inataka prosesa mpya kuliko hiyo.

Ya tatu ni Debian, yenyewe haikuiondoa kadi hii, unaweka tu. Kama programu yenu ya stakabadhi haijafungamana na familia ya Red Hat mi ningeenda Debian.

Masasi_Tech

Naongezea kwa wa Windows mana swali hili litamfikia mtu mwingine. Kwenye Windows Server pale penye Load driver hawataki .exe, wanataka faili za .inf, .sys na .cat. Za Dell na za HP zinakuja kama .exe, lifungue kwenye kompyuta nyingine ya Windows, lina kitufe cha Extract, toa faili kwenye folda ndo uweke kwenye flashi.

Na wenye HP Gen8 ndogo zenye B120i muwe makini zaidi, ile ni RAID ya kisoftiwea. Kwenye Linux bila draiva ya hpvsa unaona diski mbili zimesimama kila mmoja peke yake wakati kwenye bayosi umeziunganisha, mtu anafurahi diski zimeonekana anainstoli kwenye moja, RAID haifanyi kazi na hajui. Bora uizime uweke AHCI (hali ya kawaida ya diski bila RAID ya kadi) alafu utumie RAID ya Linux yenyewe, mdadm.

Mkorosho85 (Mtwara)

Wakuu IMEKUBALI. Nimeenda na njia ya kwanza kwasababu programu yetu ilipimwa kwenye familia ya Red Hat, flashi yangu ilikuwa 8.10 nikachukua la 8.10, nikaandika inst.dd, diski ikatokea palepale kama sda. ELRepo nimeshaiongeza. Dada wa Lindi na kaka wa Ligula Mungu awabariki, nilishaanza kuambiwa ofisini nirudishe seva Dar.

Swali la mwisho, kila nikiwasha kuna ujumbe unapita haraka kuhusu betri ya kontrola. Niupuuze?

FundiLigula

Usiupuuze mkuu. H700 ina kumbukumbu yake ya muda, data inakaa pale kidogo kabla ya kuandikwa kwenye diski, na betri ndo inailinda umeme ukikatika. Betri ikifa kadi yenyewe inahama kutoka Write-Back (data inakaa kwanza kwenye kumbukumbu) kwenda Write-Through (inaandikwa moja kwa moja kwenye diski), maana yake seva itakuwa nzito kwenye kuandika lakini data iko salama. Kuna watu watakushauri uilazimishe kwenye Write-Back ili iwe nyepesi, kwa umeme wetu huu usithubutu, ukikatika katikati ya mnada zile stakabadhi za mwisho hazipo tena.

Weka MegaCli (programu ya kuikagua kadi) uangalie:

MegaCli64 -AdpBbuCmd -GetBbuStatus -aALL

Kama betri imekufa agiza nyingine ya H700, inabadilishwa kwa bisibisi tu seva ikiwa imezimwa na waya wa umeme umetolewa. Tafuta na UPS. Na hiyo RAID 5 inakuokoa diski moja ikifa, mtu akifuta jedwali kwa bahati mbaya haikusaidii chochote, kwahiyo weka nakala ya kila usiku kwenye diski ya nje inayokaa jengo lingine. Ile kompyuta inayolia usiizime mpaka umefungua nakala moja kwenye seva mpya ukalinganisha kilo na daftari la ghala.

Mkorosho85 (Mtwara)

Sawa kiongozi, nakala naanza nayo leo usiku huuhuu, betri kesho asubuhi napiga simu Dar waiweke kwenye basi.